Kisigino cha mguu wa kulia

Malalamiko yaliingia kwa WhatsApp saa tatu usiku, nikiwa nafunga kibanda. "Shikamoo mjomba. Huu ubao unanitupa kushoto tu. Kulia naenda kama maji ya mfereji, kushoto nakaa chini. Nakosea wapi?"

Mpwa wangu ni mtoto wa dada yangu aliyeolewa Uru. Anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja katika bonde la Gastein, Austria. Mimi ni fundi baiskeli hapa Moshi, Majengo, ila zamani kidogo nilikaa misimu miwili kwenye milima ya huko, nikipaka nta na kunoa mbao za kukodisha, zile za kutelezea kwenye theluji (snowboard), nikajifunza kuziendesha kabla sijarudi. Basi katika ukoo wetu mambo ya theluji huletwa kwangu, kama mambo ya ng'ombe yanavyopelekwa kwa kaka yangu mkubwa. Kisa hiki kilituchukua karibu mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mwaka huo niliipoteza mimi.

Tuelewane kwanza maneno. Ubao ninaouzungumzia ni wa alpaini, si ule wa vijana wanaoruka hewani na kujipindua. Ni mwembamba na mgumu, kiuno chake, pale katikati palipobana, sentimita 18 hadi 22 hivi. Unaendeshwa kwa viatu vigumu vya plastiki vinavyobanwa kwenye vifungio vya chuma, na miguu yote miwili inaelekea mbele, nyuzi 50 hadi 65 kutoka kwenye mstari unaokatiza ubao. Mwenye viatu laini husimama karibu kukingama. Huku unasimama kama unayetaka kuanza kukimbia.

Ubao una makali mawili ya chuma, ya upande wa vidole na ya upande wa kisigino. Ukiulaza, makali yanaingia kwenye theluji na ubao unapita ndani ya mkato wake wenyewe, mkia ukipita palepale pua ilipopita. Huko ndiko tunakoita kuchonga. Alama inayobaki ni mstari mmoja mwembamba, kama kisu kilichopita kwenye siagi. Asiyechonga anaburuza, na alama yake ni pana, kama mtu kafagia uwanja.

Kinachoupeleka ubao kwenye kona ni kile kiuno. Usimamishe ubavu sakafuni uone: pua na mkia vinagusa, katikati kuna mwanya. Uzito wako ukiuziba mwanya, ubao unapinda kuwa upinde, na upinde ndio kona. Kila ubao una duara lake. Wa mpwa wangu ulikuwa na nusukipenyo cha mita 11. Ukiulaza zaidi, kona inabana zaidi. Kwa hesabu ya karatasini, unazidisha ile 11 kwa kosaini ya pembe ya mlalo: nyuzi 45 zinakupa kona ya karibu mita 8, nyuzi 60 zinakupa 5 na nusu. Anayetaka kuona kazi hii mikononi mwa bingwa amtafute Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki, aliyechukua dhahabu ya skii na dhahabu ya ubao katika Olimpiki moja, PyeongChang 2018, kisha akachukua tena ya ubao Beijing 2022. Usimtazame mikono. Mtazame shini, yaani miundi ya miguu, na nyonga.

Bonde analokaa mpwa wangu limezoea mashindano ya aina hii, wawili wawili wakishuka sambamba usiku chini ya taa. Aliyaona akiwa bado na aproni kiunoni, tamaa ikamwingia. Akanunua ubao na viatu kwenye duka la vitu vilivyotumika, akafungiwa vifungio palepale, akaanza kutoka asubuhi kabla ya zamu, wakati theluji ni ngumu na imechanwa na mashine kama kwa kitana.

Sasa malalamiko. Yeye hutanguliza mguu wa kushoto, kwa hiyo kona ya kushoto kwake ni ya kisigino, ile ambayo unaigeuzia mgongo. Nikamwambia anitumie video. Zikaja nne, na katika sekunde kumi za kwanza nikaona ugonjwa, au nilidhani nimeuona. Kona za vidole alikuwa anazichonga vizuri kuliko mtu wa msimu wa kwanza anavyostahili. Kona za kisigino alikuwa anakaa. Shini zimesimama wima, makalio yamekwenda nyuma, kifua kimelalia mapaja, mikono hewani. Mtu anayetafuta kigoda gizani. Halafu ghafla, puu, chini.

Hili kosa analijua kila aliyewahi kufundisha ubao. Ukikaa hivyo, uzito wako umeingia ndani ya kona lakini ubao wenyewe haujalala vya kutosha, kwa kuwa shini ndizo zinazoulaza, na shini hazijaenda popote. Nguvu inayokuvuta nje ya kona inakuwa kubwa kuliko makali yanavyoweza kushika, ubao unateleza. Nikamtumia dawa ya kawaida: egemeza shavu la mguu kwenye mgongo wa kiatu, inua vidole ndani ya kiatu, sukuma magoti kuelekea ndani ya kona, mkono wa kulia uje mbele usawa wa goti la kushoto, macho yatangulie. Ubao ulale kuliko wewe. Nilijisikia daktari bingwa.

Baada ya wiki mbili akajibu: "Mjomba, nimefanya kama ulivyosema. Sasa naanguka mapema zaidi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama na kufikiri. Nilimjibu kama wazee wanavyojibu, kwamba azidishe mazoezi. Akazidisha. Akaumia nyonga, akakosa kazi siku mbili, dada yangu akanipigia simu na maneno ambayo siyaandiki hapa. Na bado sikuuliza swali ambalo hata mtoto wa gereji angeuliza: anaangukaje? Kuna kuanguka kwa namna mbili kwenye kona ya kisigino, na hazifanani kabisa. Mwenye kosa la mwili huanza kudunda. Ubao unatetemeka, unashika, unaachia, unashika tena, tr-tr-tr, ndipo unaponyoka; alama zake kwenye theluji ni kama ngazi ndogondogo. Huyu wangu hakudunda hata mara moja. Makali yalikuwa yameshika vizuri, mstari safi, halafu yakang'oka yote kwa mpigo, kama mtu kaingiza bisibisi chini ya kifuniko akainua. Video zilionyesha hivyo tangu siku ya kwanza. Niliangalia makalio, sikuangalia makali.

Machi theluji ikalainika, naye akaacha kuanguka. Akanitumia picha ya alama zake, kwa kujisifu. Nikaikuza. Kona za kulia, mstari mmoja. Kona za kushoto, mstari, na ndani yake, upana wa kama vidole viwili kutoka kwenye mstari, mkwaruzo wa pili uliokatikakatika, unaoanza katikati ya kona na kuishia karibu na mwisho. Nikadhani ni alama ya mtu mwingine aliyepita. Picha bado ninayo kwenye simu, na kila nikiitazama najionea aibu.

Aprili akaja likizo. Alishuka KIA na begi refu, na mtaani wakaamua ni ubao wa kupigia pasi wa Kizungu. Masika yalikuwa yamechachamaa, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, haijaonekana wiki nzima. Vijana wa kijiweni walipoelewa ubao ni wa nini wakauliza kwa nini asipande tu nao huko juu badala ya kwenda Ulaya. Swali si baya, ila barafu ya juu si uwanja. Ni kuta na ngazi za barafu kuukuu juu ya changarawe, na tangu vipimo vya mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake limekwisha. Kuna cha kutazama kule. Cha kuchonga hakuna.

Siku ya tatu mvua ilitufungia kibandani. Baiskeli zilikuwa zimekwisha, ubao uko ukutani, viatu viko chini ya meza. Kwa kukosa kazi tu nikamwambia afunge viatu kwenye vifungio, bila miguu, tuutazame ulivyo. Nikaulaza mezani kwa makali ya vidole, nikauinua taratibu. Ukaenda vizuri, ukapita nyuzi 70, hakuna kilichogusa. Nikaugeuza upande wa kisigino.

Tok.

Tulitazamana. Kisigino cha kiatu cha kulia, cha mguu wa nyuma, kilikuwa kimekaa mezani, na makali yameanza kunyanyuka. Nikamwita seremala wa jirani aje na pima maji yake ili meza isitudanganye, na binti yangu akatoa kipimapembe kwenye mkebe wa hisabati. Tukarudia mara tatu: 54, 55, 54.

"Kumbe ndiyo hiki," mpwa wangu akasema, akakishika kile kisigino kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku. "Mjomba, mimi nimepiga magoti msimu mzima."

Hesabu yake ni ya darasani. Soli ya kiatu chake ina urefu wa milimita 320. Mguu wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa nyuzi 50, kwa hiyo ukipima kwa kukingama, soli inachukua 320 mara kosaini ya 50, yaani 206. Ongeza kama 20 za pembe za kiatu, kwa kuwa kiatu si mstari, kina upana. Inakuwa 226 juu ya ubao ambao pale mguu ulipokaa ulikuwa na upana wa 200. Kama kiatu kingekaa katikati, kingezidi milimita 13 kila upande. Lakini aliyekifunga alikisogeza nyuma milimita 12. Vidole vikabaki karibu sawa na ukingo, kisigino kikatoka nje milimita 25. Soli yenyewe ilikuwa juu ya uso wa chini wa ubao kwa milimita 35. Thelathini na tano kwa ishirini na tano, tafuta tanjenti, unapata 54 na kitu. Meza na kalamu vikakubaliana, jambo ambalo kwenye kibanda changu halitokei kila siku.

Kwenye theluji hali ni mbaya kuliko mezani, maana makali yanazama kidogo na kisigino kinafika chini kabla ya hizo 54. Asubuhi theluji ikiwa ngumu, kisigino kikigusa hakizami. Kinageuka egemeo, na ubao unakuwa nyenzo inayong'oa makali yake wenyewe. Alasiri za Machi kisigino kilikuwa kinalima tu, bila kumwangusha; ule mkwaruzo wa pili kwenye picha ulikuwa mfereji wa kisigino chake. Na ndiyo maana dawa yangu ilimzidishia ugonjwa. Nilimfundisha kuulaza ubao zaidi, akaulaza zaidi, akafika kwenye 54 mapema.

Lakini kilichonikaa kichwani kuliko hizo hesabu ni kule kukaa kwake. Nilikuwa nimekuita chanzo. Tukarudi kwenye video za kwanza kabisa, za Desemba, ambazo hakuwahi kunitumia kwa sababu aliona hazina maana. Hakuwa anakaa. Alikuwa anakwenda na shini zake vizuri pande zote mbili, kwa unyonge wa mwanafunzi. Kukaa kulianza Januari, baada ya kuanguka mara nyingi. Mwili ulikuwa umegundua kwamba shini zikilala kupita kiasi fulani ardhi inaondoka, ukatafuta njia ya kuingia kwenye kona bila kuzilaza: makalio nyuma, shini wima, ubao usifike penye hatari. Kule kukaa kulikuwa ni kujilinda, na mimi kwa mbali nikawa namvua mtoto ngao huku mkuki bado uko pale.

Marekebisho yenyewe yalichukua saa moja. Boliti nne za M6 kwa kila kifungio, tukazilegeza, tukazungusha mguu wa nyuma hadi nyuzi 60 na wa mbele hadi 63, tukakirudisha kiatu katikati kwa rula ya chuma, tukaweka kabari chini ya kisigino cha nyuma na chini ya vidole vya mbele ili magoti yasilalamike. Soli kwa kukingama sasa ni 160, na zile 20 za pembe, 180. Ndani ya ubao. Tukaulaza mezani pande zote mbili hadi ukataka kupinduka, hakuna tok.

Silaumu sana lile duka. Mtu anayetoka kwenye viatu laini akifungwa kwa nyuzi 60 siku ya kwanza atahisi amewekwa kwenye pingu, na nyuzi 50 zinampa nafuu. Namba yenyewe haikuwa kosa, maana kwenye ubao mpana ingefaa kabisa. Kosa ni kutopima kiatu na ubao kwa pamoja, na kile kiatu kilichosogezwa nyuma sijui kwa hoja gani.

Ikabaki tabia. Mwili ukishajifunza kukaa hauambiwi kwa mdomo kwamba sasa ni salama. Theluji hatuna, ila mwembe tunao nyuma ya kibanda. Tukatandika zulia kuukuu, mpwa wangu akavaa viatu, akasimama juu ya ubao akishika kamba iliyofungwa kwenye mwembe mbele yake. Kamba ilifanya kazi ya ile nguvu inayokuvuta nje ya kona: anaegama nyuma, kamba inamshikilia, analaza ubao kwa makali ya kisigino. Akikaa, nilikuwa naona papo hapo, kwa sababu ubao ulirudi kulala bapa kwenye zulia. Akisukuma magoti na kuacha kifua kisimame, makali yaliuma zulia. Mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni, majirani wakipita na kusema pole.

Kingine tulimtumia dereva wa bodaboda, bila yeye kujua. Simama kwenye kona ya barabara ya vumbi inayopanda Uru utazame dereva mzoefu anavyoikata. Pikipiki inalala, yeye anabaki amesimama juu yake, kaisukuma chini kwa mikono. Mgeni hufanya kinyume, anajilaza yeye na pikipiki inabaki wima, na changarawe humfundisha. Ubao unataka hivyohivyo, chombo kilale kuliko mtu. Mfano una mpaka wake, tairi haina makali na sababu za kushika si zilezile, lakini umbo la mwili ni lile, na mpwa wangu alilielewa kwa dakika tano kuliko maelezo yangu ya miezi mitatu.

Desemba akarudi kazini. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili: "Mjomba, nimefungwa miguu kama kuku wa sokoni." Alikuwa anaanguka kwenye foleni ya lifti, mbele ya watoto. Hiyo ndiyo bei ya nyuzi 60 na nilikuwa nimemwonya. Kwenye kona za kushoto hakuanguka, ila alikuwa bado anakaa, sasa bila sababu. Nikamwambia ahamie njia ya buluu, ile ya wanaoanza, na kila kona ya kisigino ahesabu moja, mbili, tatu kabla ya kuruhusu makalio yafanye lolote. Januari alifika mbili. Februari video ikaja ambayo niliitazama mara nyingi kuliko nilivyomwambia: shini zimelala, kifua kimesimama, mkono wa kulia juu ya goti la kushoto, na baada yake mistari miwili ya kupishana, kulia na kushoto, hakuna wa tatu.

Kisha likaja lalamiko jipya. Kwenye njia nyekundu, yenye mteremko mkali zaidi, ubao unaponyoka tena. Safari hii nikauliza swali langu kwanza: upande gani, na namna gani? Pande zote mbili, akasema, na unateleza polepole, haung'oki.

Hapo hapakuwa na kiatu wala makalio. Ubao wa mita 11 una kikomo chake cha mwendo. Kadiri unavyokwenda kasi ndivyo unavyolazimika kulala zaidi, na kadiri unavyolala ndivyo kona inavyobana, na kona iliyobana inadai ulale zaidi tena. Inafika mahali hakuna pembe inayotosha. Kwa hesabu ya sehemu tambarare, kikomo ni kipeuo cha pili cha 9.8 mara 11, yaani mita 10.4 kwa sekunde, kama kilomita 37 kwa saa. Mteremko na theluji laini hubadili hesabu hiyo kidogo, lakini simu yake ilikuwa inamwonyesha 45 kwenye njia nyekundu. Nikamwambia amalizie kila kona ikipanda kidogo mlimani ili mwendo upungue kabla ya kona inayofuata, au arudi kwenye buluu, au atafute ubao wa duara kubwa zaidi. Wa mita 14 ungempa hadi karibu 42.

Bila shaka alichagua kununua. Juzi katuma picha ya ubao uliotumika, mrefu, mwekundu, na bei iliyopunguzwa. Nikamwandikia kwamba kabla ya bei nataka upana wa pale mguu wa nyuma utakapokaa.

"205, mjomba," akajibu. "Nimeshapiga hesabu ya kisigino."